Nani Alikuwepo?

Kwa miaka minne nilimchapia mzee mmoja maandishi yake pale Mlandege, Iringa, na kwa mitatu kati ya hiyo niliamini kwamba mimi ndiye mwerevu kati yetu wawili. Naanza na hilo mapema ili asiwepo wa kusema sikumwonya.

Nina shahada ya historia. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi wa safu ya mbele anayenyoosha mkono wakati wenzake wameshafunga madaftari. Nilimuuliza mhadhiri chanzo cha chanzo chake. Nilimuuliza mchungaji wa chuo kama Nuhu alikuwa na mashahidi. Nilipohitimu niligundua kwamba nchi nzima hakuna ofisi inayotafuta mtu wa kuuliza maswali. Mjomba wangu akanihurumia, akaniweka kwenye steshenari yake Iringa: kutoa kopi, kuchapa, picha za pasipoti, na kulaminisha vyeti vya watu waliopata kazi.

Huko ndiko alikokuwa akija. Mtaa ulimwita Mzee wa Wasifu, nami nitamwita hivyo. Jina lake nalijua, lakini kuna mtu mmoja tu aliyepaswa kulisikia, na ameshalisikia.

Msibani kwetu, kabla jeneza halijaondoka nyumbani, mtu husimama akasoma wasifu wa marehemu: kuzaliwa, ubatizo, shule, kazi, ndoa, watoto, wajukuu, na aya ya mwisho, ya kuugua na kufa. Aya hiyo wengi huiandika wamefumba macho. Marehemu alianza kusumbuliwa na homa, akapelekwa hospitali, hali ikabadilika ghafla, Mungu akampenda zaidi. Ukisikiliza wasifu kumi utadhani ni mtu yule yule anayekufa kila Jumamosi.

Mzee wa Wasifu hakuandika hivyo. Alifika nyumbani kwa wafiwa na daftari la kaunta na rula, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango, akapita kwenye kuzaliwa na ubatizo haraka haraka kama mtu anayekatiza sokoni bila haja ya kununua. "Haya yako kwenye vyeti," alisema. Ilipofika aya ya mwisho aliweka kalamu chini.

"Nani alikuwepo?"

"Alipofariki, mzee?"

"Alipokufa. Nani alikuwepo?"

"Tulikuwepo familia yote, mzee wetu."

"Familia haina macho. Macho anayo mtu. Nani?"

Akipatikana huyo mtu, aliulizwa ilikuwa saa ngapi, marehemu alilalia ubavu gani, alisema neno gani la mwisho, hata kama ni "nisogezeeni mto." Na siku ya maziko, aya ya mwisho ilipofikiwa, shahidi huyo alitakiwa asimame kando ya mzee mpaka aya iishe. Asipopatikana mtu, mzee alisoma sentensi moja, kwa sauti ile ile aliyosomea ubatizo: "Alikufa, na hakuna aliyekuwepo."

Sentensi hiyo iliogopwa Mlandege kuliko mahubiri yoyote. Nimewaona kwa macho yangu watoto wa mjini, wasiokanyaga Iringa tangu harusi ya dada yao, wakishuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja wodini, wakigawana zamu za kukaa kando ya mama yao. Muuguzi mmoja alikuja dukani kumlalamikia mjomba: "Mwambieni mzee wenu atuhurumie. Wodi imejaa ndugu mpaka kitoroli cha dawa hakipiti."

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ng'ambo ya barabara, mtu mwenye asili ya pwani, alimtania mzee kila wiki. "Sisi wenzako hatusomi wasifu. Tunamzika mtu mapema, yaliyobaki Mungu anayajua."

"Mnafaidi sana," mzee alimjibu, na huku anamwibia kete.

Hapo pana jambo. Mtu huyu aliyedai ukweli mpaka kwenye ubavu aliolalia marehemu alikuwa mwizi wa drafti wa wazi kabisa. Walicheza kwa vizibo vya soda kwenye ubao uliochorwa kwa mkaa, na mwenzake akigeuka tu kumhudumia mteja wa misumari, kizibo kimoja kilihama. Alidanganya pia umri wake. Mwaka nilioanza kazi alikuwa na miaka sabini na nane. Mwaka uliofuata sabini na sita. Nilipombana alisema, "Bibi Kwanini, huo ni umri. Hakuna aliyekufa."

Bibi Kwanini ndilo jina alilonipa. Nilijifanya limenikera. Ukweli ni kwamba nililiandika kwenye wasifu wangu wa Instagram.

Tuligombana kila alipoleta karatasi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kuona kimeandikwa kwa mkono: herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride, na mstari wa juu wa herufi t ukirefushwa mpaka unafunika neno zima kama bati la paa. Mimi, kwa kuwa nina shahada, nilimsaidia kuboresha. Yeye akiandika "alikufa," mimi nachapa "aliaga dunia."

"Aliaga? Alikuaga wewe?"

"Ni lugha ya heshima, mzee."

"Futa."

Siku nyingine niliweka "ametutangulia mbele ya haki." Aliuliza kama ninayo ramani ya huko. Nilifuta.

Halafu mlango. Mzee alikuwa na tofali lake, nusu tofali la kuchoma, aliloliacha dukani kwetu kwa kazi moja tu: kuzuia mlango usifunge. Wasioijua Iringa ya mwezi wa saba wanaweza kudhani hili ni jambo dogo. Nilichapa nimevaa sweta mbili na soksi za mjomba mikononi, nimezikata vidole.

"Mzee, karatasi zinapeperuka."

"Weka jiwe juu ya karatasi."

"Tufunge mlango dakika kumi tu."

"Weka jiwe juu ya karatasi."

Nilikuwa na maelezo ya kitaalamu kuhusu tofali hilo. Nilikuwa nimesoma nusu ya kitabu cha saikolojia, nusu ya kwanza, na nilimweleza mjomba kwa kirefu kwamba mzee ana hofu iliyotokana na malezi ya utotoni. Mjomba aliniuliza kama nimemaliza kulaminisha.

Alitoka nchi jirani. Hilo lilijulikana. Alikimbia miaka ile wanajeshi walipokuwa wametwaa nchi, akapita Mbeya, akalima mpunga Rujewa kwa muda, akaishia Iringa, akaoa, akafiwa na mke, akabaki. Nchi yenyewe hakuitaja. Alisema "kule." Kule mvua haikuwa hivi. Kule chai tulikunywa bila maziwa. Nilimtega kwa kila mtego niliofundishwa.

"Kule ulifanya kazi gani, mzee?"

"Kuandika."

"Magazeti?"

"Hapana. Mambo mafupi mafupi."

Kwa ushahidi huo nikaamua kwamba alikuwa mshairi. Nikaandika mtandaoni makala ndefu kuhusu mshairi aliyenyamazishwa na majenerali, anayeishi kati yetu bila kujulikana. Ilipendwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa mjomba, ambaye ana akaunti mbili. Kichwani nilikuwa nimeshamwekea mzee huyo gereza, mnyororo na daftari la siri. Gereza tu ndilo nililopatia.

Kabla sijafika huko, lazima nimlete bibi yangu, maana nikimficha nitakuwa naiba kete.

Bibi alilazwa hospitali moja Mbeya, na kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye niliyeweza kuacha kazi bila mtu kuona tofauti, nikatumwa kumuuguza. Nilikaa siku nane. Siku ya tisa, saa tisa alasiri, simu yangu ilikuwa na asilimia mbili na nilikuwa katikati ya ubishi na mtu nisiyemjua, anayeishi sijui wapi, kuhusu jambo ambalo leo silikumbuki. Kantini kulikuwa na soketi. Nilikwenda kuchaji, na kwa kuwa nimeshafika, nikaagiza chipsi mayai. Niliporudi shuka lilikuwa limevutwa mpaka juu.

Mama alifika kutoka Uyole akiwa bado na udongo wa viazi viganjani. Alinishika mabega. "Gwe mwanangu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

Alinikumbatia kwa nguvu hivi kwamba baada ya hapo hapakuwa na njia ya kurudi. Mjomba alimleta Mzee wa Wasifu kwa gari mpaka Uyole, kama heshima kwa dada yake. Mzee aliketi akitazama mlango, akaniuliza maswali yake. Nilimwambia saa tisa. Nilimwambia ubavu wa kulia. Nilimwambia bibi alinishika mkono, akatabasamu, akasema, "Pendaneni, wanangu, na msisahau kusoma." Bibi huyo, nieleze, maisha yake yote aliamini kusoma ndiko kulikonifanya niwe mvivu.

Mzee alinitazama muda mrefu juu ya miwani. Kisha akaandika. Kesho yake nilisimama kando yake mbele ya watu wa Uyole, malori yakinguruma barabara kuu, naye akasoma: "Alikuwepo mjukuu wake." Watu walinipa mkono mpaka jioni. Sijawahi kuheshimiwa kiasi kile, wala siku ya mahafali.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa kwenye mashine ya kopi siku yule mama alipoingia.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, amefunga kitambaa cha kijivu, ana mfuko wa kitambaa begani. Kiswahili chake kilikuwa kama cha mzee, kilichonyooka, kama kilichopigwa pasi. Alitoa karatasi iliyowekwa ndani ya nailoni na kuomba kopi kumi.

"Naziacha kila mji ninaopita," alisema. "Huenda mtu akaujua mwandiko."

"Ni nini, mama?"

"Cheti cha kifo cha baba yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliwakataza wanafunzi wake kumwimbia Jenerali, akachukuliwa darasani, mimi nikiwa na miaka minne. Baada ya wiki mbili tukaletewa hii. Maiti hatukupewa." Alisema hayo kwa utaratibu, kama mtu aliyeyasema kwenye madirisha mengi. "Inasema homa ya mapafu. Baba hakuwa na homa ya mapafu. Nimeambiwa karani aliyeandika alikimbilia huku kwenu. Nataka tu kumuuliza alikufaje."

Nililaza karatasi kwenye kioo. Taa ya mashine ikapita chini yake, na ile ya kwanza ikatoka ikiwa moto mikononi mwangu. *Tatizo la kiafya: homa ya mapafu.* Herufi zimesimama wima. Juu ya neno tatizo, mstari mrefu kama bati la paa.

Duniani pengine hapakuwa na mtu mwingine aliyeusoma mwandiko ule kila siku kwa miaka mitatu. Shahada yangu haikunisaidia kitu. Ila kuchapa kulinisaidia, na hapo palikuwa na jambo moja tu la kufanya: kumwambia yule mama akae kwenye benchi, kwa kuwa mtu anayemtafuta huja kila siku saa nne na nusu na sasa hivi ni saa tatu.

Nilitoa kopi kumi na moja. Kumi nikampa. Nikaandika namba yake ya simu. Nikamuuliza anaelekea wapi.

"Rujewa. Wanasema kuna mzee wa kwetu kwenye mashine ya kukobolea mpunga."

Nikamwambia, "Safari njema, mama."

Nimejaribu tangu siku hiyo kujitetea. Nilitaka kuhakikisha kwanza. Mtafiti hahitimishi kwa chanzo kimoja. Maneno mazuri yote hayo, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mimi niliyemgundua. Niliona kichwa cha makala. Safari hii mjomba angehitaji akaunti tatu.

Mzee alifika, akasogeza tofali lake mlangoni, akaketi. Nilikuwa nimeandika maswali kumi na saba, yote ya kumbana mtu anayekana. Niliweka simu kifudifudi mezani, inarekodi, kisha nikamsogezea kopi.

"Mzee, huu ni mwandiko wa nani?"

Alivaa miwani. Alisoma mpaka chini.

"Wangu," alisema.

Maswali kumi na saba yakafa pale pale, na hakuna aliyekuwepo.

"Kapteni alisema niandike homa ya mapafu," aliendelea, kana kwamba nimeuliza. "Wiki hiyo ilikuwa homa ya mapafu. Wiki iliyotangulia ilikuwa kuharisha. Alisema haipendezi ugonjwa mmoja kurudiarudia, wakubwa watadhani gereza halina daktari."

"Mlikuwa na daktari?"

"Hapana."

Alinieleza kwa maneno machache. Wanajeshi walipochukua nchi, magereza yalijaa watu waliosema kitu, na watu waliodhaniwa watasema. Yeye alikuwa karani wa kiraia, kijana, hana cheo. Walimchagua kwa sababu ya mkono wake. "Mwandiko mzuri ndio ulioniponza. Wengine waliandika vibaya, wakapelekwa jikoni."

Hapo mimi nikapata sauti. Nilisimama. Nakumbuka nilisimama, maana soksi ya mjomba ilinivuka mkononi ikaangukia kwenye kibodi. "Kwa hiyo ulidanganya! Miaka yote hii unawasimamisha watu kwenye misiba, nani alikuwepo, nani alikuwepo, unawaaibisha watu na vifo vyao, kumbe wewe mwenyewe umewaandikia watu vifo vya uongo?"

"Ndiyo."

"Na hujawahi kusema!"

"Hajawahi kuja mtu wa kuambiwa." Alivua miwani. "Karatasi hii imeletwa na nani?"

"Binti yake."

"Yuko wapi?"

Nilitazama simu yangu. "Rujewa."

"Rujewa kuna nini?"

"Amekwenda kukutafuta."

Nimewahi kukemewa na wengi, mama yangu akiwa bingwa wao. Sijawahi kutazamwa vile. Hakupandisha sauti. "Umemwacha mtoto wa marehemu aende kunitafuta kwenye pumba za mpunga, nami unanijua ninakokaa?"

"Nilitaka kuhakikisha."

"Zima hicho kinachorekodi, Bibi Kwanini. Mpigie."

Nilipiga. Nikamwambia arudi, amepatikana. Upande wa pili injini ya basi ilikuwa ikinguruma, kisha akauliza, "Lini umemjua?" Nikamwambia tangu kopi ya kwanza. Hakunitukana. Alisema atapanda gari la asubuhi.

Kesho yake ikafika saa nne na nusu na mzee hakuja. Saa tano hakuja. Bila shaka nilijua kilichotokea; mimi siku zote najua kilichotokea. Nilimwambia mjomba amekimbia. Mjomba akasema mzee wa umri ule hakimbii, anatembea haraka. Nilivuka barabara kumuuliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaenda mpaka stendi kuwauliza wapiga debe kama wamemwona mzee mwenye tai akipanda basi, nikawaelezea na sababu, nikajaza stendi nzima maneno. Niliporudi nimelowa jasho mwezi wa saba, mzee alikuwa ametoka kwa kinyozi. Amenyolewa ndevu. Koti limepigwa pasi. Tofali liko mlangoni.

"Umekwenda wapi unaacha duka?" aliniuliza.

Yule mama aliingia kama saa saba. Mzee alisimama. Alitaja jina lake, lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, na kazi aliyoifanya na gereza alikoifanyia. Kisha akangoja.

Yule mama hakumpa mkono. Aliketi kwenye benchi akiwa na mfuko wake mapajani. "Bwana," alisema, "sikuja kusamehe mtu. Niseme hilo kwanza. Nimekuja kujua."

"Uliza."

"Nani alikuwepo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Hakuna aliyemfundisha. Hata sasa nikifikiri, mtu anayetaka kujua angeuliza nini kingine?

"Mimi," mzee alisema. "Nilikuwepo mimi."

Alisimulia akiwa amesimama, akishika ukingo wa meza yangu. Ilikuwa Alhamisi. Mwalimu aliletwa ofisini asubuhi ili atie saini karatasi ya kukiri. Walikuwa wamempiga siku tatu. Walimkalisha kwenye benchi mbele ya meza ya karani, wakafunga mlango, wakaenda kumwita Kapteni, na Kapteni alikuwa anakunywa chai. Walibaki wawili. Mwalimu aliuliza saa ngapi. Karani akamwambia saa nne na robo. Aliuliza ni siku gani. Akamwambia. Mwalimu akasema, "Sasa hivi wako kwenye hesabu," maana darasa lake Alhamisi saa hiyo lilikuwa na hesabu. Kisha akaomba afunguliwe mlango kidogo, aone nje.

Mzee aliutazama mlango wa duka. Upepo uliingia ukazipindua karatasi, na kwa mara ya kwanza sikuweka jiwe.

"Haukuwa na kufuli," alisema. "Ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Niliogopa. Nilimwambia, subiri Kapteni aje. Akasema, haya. Akaegemea ukuta. Nilidhani amelala. Kapteni alipokuja alimgusa, akaniambia leta fomu."

Yule mama alikuwa akitazama tofali.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Shati la kijani la mikono mifupi. Kiatu kimoja."

"Mama alilishona mwenyewe," alisema. "Mfuko ulikuwa umepinda."

"Ulikuwa umepinda. Kalamu ilikuwa haikai sawa."

Ndipo alipolia, kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitambaa. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama naweza kuchapa. Alisema wao kule walifanya msiba bila maiti na wasifu ukasomwa ukaishia kwa "alichukuliwa." Alitaka aya ya mwisho.

Mzee alitamka, mimi nikachapa. Sikuboresha neno. Ilipotoka kwenye mashine yule mama aliishika, akasimama mlangoni kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti tangu "Ilikuwa Alhamisi" mpaka "leta fomu," na mzee akasimama kando yake mpaka ikaisha, mikono ubavuni, kama alivyowasimamisha watu wa Mlandege miaka yote. Mwenye duka la ng'ambo alikuwa ametoka nje. Hakujua ni nini, lakini alivua kofia.

Yule mama aliomba itiwe saini. Mzee akatia. Yule mama akaiweka karatasi ndani ya nailoni, juu ya ile ya zamani, akaondoka bila kuaga. Mlangoni aliruka tofali kwa uangalifu, asilisogeze.

Makala sikuiandika. Ningependa kusema ni kwa sababu ya utu. Kwa wiki mbili nilijaribu, na kila nilipofika kwenye aya yangu mwenyewe, ile ya "safari njema, mama," nilikwenda kuchaji simu.

Mzee aliendelea kuja, ila misiba aliipunguza. Wengine walisikia habari kutoka stendi, kwa mdomo wangu mwenyewe, wakaacha kumwita. Wengine walimwita zaidi. Yeye hakujitetea kwa yeyote. Drafti aliendelea kuiba.

Mwezi uliopita alikuja na fimbo, ambayo ni mpya. Aliketi, akaiegemeza fimbo mezani. Nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia kuhusu bibi: asilimia mbili, kantini, chipsi mayai. Nilisema haraka, nikitazama kibodi.

"Najua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Mtu aliyekuwepo hasemi 'alitabasamu.' Husema miguu ilikuwa baridi, au alikohoa, au nzi alikuwa dirishani. Ulileta kifo kizuri mno. Mimi nimeandika vingi vya namna hiyo."

"Mbona ulikisoma?"

Alifikiri. "Mama yako alikuwa amesimama pale," alisema. "Nilikosea. Siku hiyo nilikosea." Kisha akasema, "Kamwambie."

Nimemwambia. Mama hakuzungumza nami siku sita. Siku ya saba alipiga kuniuliza kama chipsi zilikuwa tamu, na sikujua kama ni utani, na yeye hakusaidia.

Lakini siku ile mzee hakuwa amekuja kwa ajili yangu. Alitoa karatasi kwenye koti, mwandiko wake, safari hii herufi zimeanza kulegea magotini. Ulikuwa wasifu wake. Kuzaliwa, shule, kule, gereza, majina ya watu wote aliowakumbuka aliowaandikia, na mbele ya kila jina ugonjwa alioamriwa, umekatwa kwa rula. Rujewa, Iringa, mke. Aya ya mwisho ilikuwa mstari mmoja: *Alikuwepo*, na nafasi tupu.

"Sina watoto," alisema. "Mwenzangu wa ng'ambo ana duka lake. Nitakapolazwa nitakupigia. Simu iwe na chaji."

Nikafanya ninachojua kufanya. "Kwa nini mimi, mzee?"

"Kwa sababu wewe ndiye utakayeogopa kuondoka."

Nilichukua penseli kwenye kikombe, nikaandika jina langu kwenye nafasi ile. Aliinamisha kichwa kutazama.

"Penseli?"

"Ndiyo, mzee. Bado sijawepo."

Alicheka mpaka akakohoa. Akaikunja karatasi, akaisukuma kwangu niitunze, akainuka kwa fimbo yake kwenda kwenye drafti. Nilimtazama akivuka barabara. Kisha nikachomeka simu ukutani, pale dukani, mlango ukiwa wazi, ingawa ilikuwa na asilimia tisini na moja.